Kalamu ya wino kwa mkono unaouma: kabla ya dhahabu, legeza vidole

*"Shikamoo fundi. Mimi ni hakimu wa mahakama ya mwanzo, huu ni mwaka wa 19 kazini. Mwenendo wa mashauri naandika kwa mkono, siku nyingine kurasa 30, na hukumu naandika nyumbani usiku. Tangu mwaka jana shina la kidole gumba linaniuma, na ikifika saa nane mchana maandishi yangu mwenyewe siyasomi. Natumia biki za kawaida. Nakamata kalamu kwa nguvu, gumba limepita juu ya kidole cha shahada, ndivyo nilivyozoea tangu darasa la kwanza. Mwenzangu kaniambia ninunue kalamu ya wino, tena nzito, ya nibu ya dhahabu, eti inateleza yenyewe, na ikishazoea mkono wangu nisimwazime mtu. Nimeweka kando shilingi laki moja na nusu. Nitafute nzito au nyepesi? Hiyo dhahabu ina faida? Wino wake hautafutika jalada likimwagikiwa maji? Na kuna kalamu ya marehemu baba, Hero ya Kichina, imelala kwenye droo miaka mingi, imekauka. Inafaa kitu, au niiache iwe kumbukumbu tu?"*

Marahaba, Mheshimiwa, na pole kwa mkono. Umeniuliza habari za uzito na dhahabu, nami nitakujibu, ila jibu lenyewe linaanzia kwenye maneno manne uliyoyapita haraka: "nakamata kalamu kwa nguvu". Hapo ndipo laki yako na nusu itakapopona au itakapopotea.

Kabla hujanunua chochote, fanya jaribio moja la bure. Chukua ukurasa ulioandika leo mchana, ugeuze, fumba macho, upitishe ncha ya kidole nyuma yake taratibu. Kama unazihisi herufi zimevimba kama vipele vya joto, mkono wako unakandamiza. Fanya hivyo hivyo na ukurasa wa asubuhi. Wateja wangu wengi hukuta wa asubuhi ni laini kuliko wa mchana, nao hushangaa, maana walidhani mkono ukichoka unalegea. Mkono wa mwandishi ukichoka unakaza.

Usijilaumu, biki ndiyo inayodai nguvu hiyo. Kwenye ncha yake kuna gololi ndogo, na wino wake ni mzito, wa mafuta, unanata kama grisi. Gololi isipobingirika wino hautoki, na haibingiriki mpaka uisukume kwenye karatasi. Tena biki inataka kusimama. Ukiilaza sana, ukingo unaoshika gololi unaanza kukwaruza karatasi na mstari unakatika. Ongeza na wembamba wake. Biki ile ya pembe sita ambayo Marcel Bich aliiingiza sokoni Ufaransa mwaka 1950 ina unene wa milimita 8 hivi, na uzito wake ni kama gramu 6 tu. Kitu chembamba, chepesi, kinachotaka kusimamishwa na kukandamizwa kwa wakati mmoja, vidole hukibana kama msumari unaosubiri nyundo. Kurasa 30 za namna hiyo, miaka 19, na gumba lako limevumilia sana.

Sasa kalamu ya wino. Kila mteja mpya akija mezani kwangu, kabla ya maneno mengi humpa lenzi ile ya mafundi saa aitazame nibu kwa karibu. Ataona bati dogo lililokunjwa kama jani, lina ufa mwembamba kuliko unywele unaoligawa mbele kuwa ndimi mbili. Mwishoni kabisa, pale panapogusa karatasi, ataona kichembe cha madini magumu kama punje ya mchanga kilichochomelewa na kusuguliwa. Chini ya nibu kuna kipande cheusi chenye mifereji na mapezi kama ya samaki. Basi, hiyo ndiyo mashine yote.

Inafanyaje kazi? Kumbuka kibatari. Mafuta ya taa yapo chini, moto upo juu, na hakuna pampu. Utambi unayavuta mafuta yapande yenyewe kwenye nafasi nyembamba za nyuzi zake. Wino unatembea vivyo hivyo kwenye mfereji mwembamba wa kile kipande cheusi, unaingia kwenye ufa wa nibu, unakaa pale kwenye ncha unasubiri. Karatasi nayo ni utambi mwingine. Ncha ikiigusa tu, nyuzi za karatasi zinaunyonya. Na ukitoboa kopo la maziwa tundu moja tu unajua yanavyotoka kwa kukwama. Lazima hewa ipate njia ya kurudi ndani. Ndiyo maana mfereji huo huo unapitisha wino kwenda chini na hewa kwenda juu, na yale mapezi hushika wino uliozidi usidondoke. Lewis Waterman wa New York alipata hataza ya mfereji wa namna hii mwaka 1884, na hadi leo wazo halijabadilika sana.

Maana yake kwako ni hii: hakuna gololi ya kusukuma. Uzito wa kalamu yenyewe unatosha. Unaweza kuilaza nyuzi 40 mpaka 55 hivi, ikaegemea kwenye panda kati ya gumba na shahada, na vidole vikabaki na kazi ya kuongoza tu. Gumba linapumzika kwa sababu hiyo. Uzito na dhahabu havihusiki.

Lakini hapa mwenzako amekuzidishia chumvi kidogo. Kalamu ya wino haiondoi tabia ya kukandamiza, inaondoa sababu yake tu. Aliyezoea biki huikandamiza nayo. Ndimi za nibu zinatanuka, wino unashindwa kuruka ule ufa uliopanuka, mstari unatoka mara mbili kama reli au unakatika kabisa, naye anakandamiza zaidi akidhani wino umeisha. Baada ya wiki mbili ananiletea nibu imepinda, na gumba bado linauma. Nimenyoosha nibu nyingi za namna hiyo kuliko zilizoanguka sakafuni.

Uzito, basi. Nilipokuwa kijana nami niliamini kalamu bora ni ile inayovuta mfuko wa shati. Nilinunua moja ya shaba, nene, inang'aa, zaidi ya gramu 40, na nilipoandika nilikichomeka kifuniko nyuma kama nilivyowaona wakubwa. Barua ya kwanza ilikuwa raha. Kwenye ukurasa wa nne mkia ulikuwa unaivuta kalamu kuelekea kwenye kigasha, na vidole vinabana mbele kuizuia isipinduke. Nilikuwa nimelipa pesa nyingi kununua kazi ya ziada. Uzito kidogo unasaidia, kwa sababu unafanya ule ugusaji usihitaji nguvu yako. Ukizidi, vidole vinaubeba siku nzima. Kwa mtu wa kurasa 30 mimi hupendekeza gramu 15 mpaka 25, na kifuniko kikae mezani. Ukiishika dukani, ilaze kalamu juu ya kidole kimoja utafute inapokaa sawa bila kuanguka. Kama inakaa sawa kwenye nusu ya mbele au katikati, vizuri. Kama inataka kuangukia nyuma, irudishe kwenye boksi hata kama ni nzuri kiasi gani.

Jambo ambalo watu hawaulizi, na kwako lina uzito kuliko yote, ni pale vidole vinaposhika. Tafuta unene wa milimita 10 mpaka 12. Tofauti na biki inaonekana ndogo, lakini vidole havilazimiki kujikunja sana, na vikijikunja kidogo vinabana kidogo. Kama unatokwa jasho mikononi, au upo Tanga au Dar mwezi wa pili, epuka sehemu ya kushikia iliyo ya chuma laini: inateleza, na kinachoteleza hubanwa. Pitisha kidole uhisi kama kuna ngazi kali pale kiwiliwili kinapokutana na sehemu ya kushikia, au nyuzi za skrubu zinazokata. Dukani haviudhi. Shahidi wa tatu akianza kutoa ushahidi, utavihisi.

Na gumba lako linapita juu ya shahada. Hii inabadilisha ushauri wangu. Kalamu ambayo wengi wangekutajia haraka ni Lamy Safari ya Ujerumani, iliyotoka mwaka 1980 ikiwa imekusudiwa wanafunzi. Ni nyepesi, gramu 17 hivi, ya plastiki ngumu, na sehemu yake ya kushikia imekatwa mabapa mawili ili gumba na shahada zikae mahali pake. Anayeshika kwa vidole vitatu vya kawaida huipenda. Anayeshika kama wewe hugombana nayo, kwa sababu lile bapa linamsukuma gumba arudi kule ambako hajakaa tangu darasa la kwanza. Wapo waliotengenezwa nayo kweli, wakabadilisha mkamato kwa mwezi mmoja. Wapo walioitupa. Kwa mtu ambaye tayari ana maumivu na hawezi kusimamisha mahakama mwezi mzima ajifunze upya, nisingeanza nayo bila kuishika kwanza.

Dhahabu nitaimaliza upesi. Ulaini wa kuandika unatoka kwenye kile kichembe cha mwisho na jinsi kilivyosuguliwa, na kichembe hicho si dhahabu hata kwenye nibu ya karati 18. Dhahabu ni laini mno, ingeliwa na karatasi. Nibu ya chuma cha pua iliyosuguliwa vizuri inateleza kuliko ya dhahabu iliyosuguliwa ovyo. Dhahabu ina faida zake: haili kutu, na mara nyingine ina unyumbufu kidogo. Lakini unyumbufu kwa mkono unaokandamiza ni njia ya kuipinda mapema. Na mtu akikuuzia kalamu mpya ya "dhahabu" kwa laki moja na nusu, uwezekano mkubwa ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Hakuna ubaya, ila usilipie jina.

Kuhusu kumwazima mtu, hapo mwenzako ana nusu ya ukweli. Kichembe kinasuguka kwa miaka, taratibu mno. Mtu akiandika jina lake mara moja hakiharibu kitu. Hatari ni kwamba anayeazima ameizoea biki, ataikandamiza. Weka biki mezani kwa ajili ya mashahidi na wadhamini, na ya kwako iwe yako.

Upana wa nibu utategemea karatasi zako, na karatasi za majalada ninazijua: nyingi zinanyonya kama sponji. Wino unasambaa pembeni, herufi zinaota ndevu, na upande wa pili unachafuka. Tiba ni nibu nyembamba. Kumbuka tu kwamba Wajapani wanahesabu tofauti na Wazungu: nibu ya Kijapani iliyoandikwa F (nyembamba) huwa nyembamba karibu kama EF (nyembamba zaidi) ya Ujerumani, na M (ya wastani) yao iko karibu na F ya Kijerumani. Nyembamba mno nayo inaparuza, na kuparuza kunamfanya mtu akaze. Kwako ningechagua M ya Kijapani au F ya Ulaya. Ukienda dukani, chukua karatasi tatu tupu kutoka ofisini kwako. Karatasi ya muuzaji siku zote ni nzuri. Chora nane zilizolala, kubwa na ndogo, bila kukandamiza, kisha andika nusu ukurasa wa kitu unachokijua kwa moyo. Sahihi haitoshi, sahihi kila kalamu inaiweza.

Wino sasa, na hapa umeuliza swali la kihakimu hasa. Wino mwingi wa chupa ni rangi iliyoyeyushwa kwenye maji, na maji yakirudi yanaiyeyusha tena. Ule wa buluu ya kung'aa, unaosifiwa kwamba unafulika kwenye shati la mwanafunzi, utafulika pia kwenye hukumu yako, na jua la dirishani litaupausha. Kwa jalada kuna njia mbili. Ya kwanza ni wino wa chuma na tanini, ule ambao Ulaya iliuandikia hati kwa karne nyingi: unatoka mwepesi, ukishapigwa na hewa unakuwa mweusi na kung'ang'ania kwenye nyuzi za karatasi. Pelikan 4001 ya buluu-nyeusi ni wa jamii hiyo. Una asidi, hivyo usiuache ukauke ndani ya kalamu, na uisafishe kwa maji kila baada ya wiki chache. Ya pili ni wino wa chembechembe uliotengenezwa maalumu kwa kalamu hizi, kama Carbon Black ya Platinum. Hautoki kwa maji, lakini ukiukausha ndani utanitafuta. Mimi kwako ningeanza na wa kwanza. Usiniamini kwa maneno: andika mistari miwili kwenye karatasi ya jalada, iache siku nzima, kisha idondoshee maji. Na uliza ofisini kama kuna maelekezo kuhusu rangi au aina ya wino kabla hujanunua chupa.

Usijaze kamwe wino wa wachoraji wenye gundi ya shelaki, wala wino wa muhuri. Nacheka, lakini nimeletewa kalamu iliyojazwa wino wa muhuri, na mwenye nayo alikuwa msomi kuliko mimi. Pia kalamu ya wino haitaandika fomu zenye kaboni. Haikandamizi, kwa hiyo nakala ya tatu itatoka tupu. Stakabadhi na fomu hizo ziandike kwa biki.

Hukuniambia umepangiwa wapi, ila neno moja la safari. Ukipanda kutoka pwani kwenda Mbeya unaongeza karibu mita 1,700, shinikizo la hewa linapungua, na hewa iliyomo ndani ya kalamu inapanuka na kuusukuma wino nje. Kalamu iliyojaa nusu inavuja kuliko iliyojaa kabisa, kwa sababu ndani yake kuna hewa nyingi ya kupanuka. Ijaze au itoe wino wote, na isimame nibu juu. Joto la mfuko wa shati linafanya kama hivyo, kwa udogo.

Tuje kwenye kununua. Usitoe laki na nusu yote siku ya kwanza. Kwa chini ya dola 10 za Marekani, bila gharama ya kuisafirisha, kuna Platinum Preppy ya Japani. Ni ya plastiki, nyepesi, kifuniko kinabofya, na ndani kina kifuniko kingine kinachozuia nibu isikauke hata ukiiacha miezi. Chukua yenye namba 05, ndiyo M yake. Sura yake ni ya bei yake, lakini inaandika kwa heshima. Wiki mbili za kwanza usiende nayo mahakamani. Andika nayo nyumbani dakika 15 kila jioni, na kila baada ya mistari mitano inua shahada hewani, kalamu ibaki imeshikwa na gumba na kidole cha kati. Kama inaanguka, ulikuwa umeibana kwa shahada. Geuza karatasi upapase kila siku. Siku utakayokuta nyuma ni laini kabisa, hapo tunaweza kuzungumza kuhusu kalamu ya pili.

Kalamu hiyo ya pili, kwa mkamato wako, ningeitafuta kwenye jamii ya TWSBI Eco ya Taiwan: sehemu ya kushikia ni ya mviringo, haimwambii gumba akae wapi, na tangi lake linabeba karibu mililita 1.7, wakati kalamu nyingi za kuvuta wino kwa bomba dogo la ndani hazifiki hata mililita 1. Kwa kurasa 30 hilo si dogo. Kasoro yake kwa hakimu ni kifuniko cha skrubu. Shahidi akinyamaza kufikiri, wewe unasubiri nibu ikiwa wazi chini ya panga boi, na nibu hukauka. Kufungua na kufunga skrubu mara 60 kwa siku ni kazi nyingine ya gumba. Pilot Metropolitan ina kifuniko cha kuvuta tu, nibu zake ni nzuri mno kwa bei, gramu 26 hivi, lakini sehemu ya kushikia ni nyembamba kidogo, inateleza, na ina ile ngazi niliyokuonya. Kuna pia Pilot Capless, inayobofya kama biki. Kwa mahakama ni tamu sana, ila iko juu ya bajeti yako, na klipu yake ipo pale pale vidole vinaposhika. Mwenye gumba lililopita juu atakutana nayo kila herufi.

Ukinibana nichague, nitakwambia Preppy mbili, moja mezani na moja ya akiba, chupa moja ya wino, na bomba la sindano la duka la dawa la kujazia katriji (vile vibomba vya wino vya plastiki) zilizokwisha. Zinazobaki ziweke. Huenda baada ya miezi mitatu ukagundua huhitaji kalamu ya pili. Najua jibu hili halina mng'ao.

Kuna mambo ambayo mimi, fundi wa nibu, sina ruhusa ya kuyagusa. Kama usiku unaamshwa na ganzi kwenye gumba, shahada na kidole cha kati, au vikombe vinakuponyoka, mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono huenda unabanwa. Kisukari, ujauzito na matatizo ya tezi ya shingo huongeza uwezekano. Kama maumivu yanachoma upande wa gumba ukimwinua mtoto au ukikamua nguo, huenda kano zimevimba. Kama asubuhi viungo vya mikono yote miwili vimevimba na kukaza kwa zaidi ya nusu saa, hilo nalo si la kalamu. Na kama vidole vinajikunja au kutetemeka vyenyewe unapoandika tu, lakini kula na kufunga vifungo unaweza vizuri, usikubali mtu akuambie ni woga. Kwa lolote kati ya haya muone daktari, na mwombe akuelekeze kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Umesema maumivu yapo tangu mwaka jana. Kwa kweli ningekwenda hata bila dalili hizi, kabla ya kwenda duka la kalamu. Wakati huo, kigasha kizima kiegemee juu ya meza badala ya kiganja kuning'inia ukingoni, na jalada ulilaze kwa mshazari kidogo.

Nimeiacha ya baba mwisho kwa makusudi. Kama ni Hero 616, ile ambayo nibu imejificha na kuchungulia ncha tu, kwa umbo lililofuata Parker 51 ya mwaka 1941, usiifungie kwenye droo. Ni nyepesi, na kwa kuwa nibu imefichwa haikauki upesi unapomsubiri shahidi. Nyembamba kidogo, ndiyo, lakini kwa mazoezi ya jioni inaweza kukuepusha hata na gharama ya Preppy.

Fungua kiwiliwili kwa kuzungusha, utakuta ala ya chuma yenye ulimi wa kubonyeza na ndani yake mfuko mdogo wa wino. Usivute nibu, usitumie maji ya moto wala spiriti. Tumbukiza upande wa nibu kwenye glasi ya maji baridi yenye tone la sabuni ya vyombo, uache ulale humo usiku kucha. Asubuhi bonyeza ule ulimi mara tano ndani ya maji, pumzika, bonyeza tena. Ukibonyeza na hakuna mapovu yanayotoka, huenda mfuko umepasuka. Hapo simama, umpe fundi. Mapovu yakitoka, yatafuatwa na utando wa buluu utakaoshuka glasini kama moshi. Ni wino alioujaza yeye. Badilisha maji, endelea mpaka yatoke meupe, kisha isimamishe kwenye kitambaa nibu ikiwa chini, ikauke hadi jioni kabla ya kuijaza.